Namba za Apolena

Kila asubuhi kabla ya shule, Apolena alikwangua meza. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na meza moja tu, na meza hiyo ilifanya kazi zote. Watu waliinywea supu, mama yake aliikatia kabichi, na vyombo vikishaondolewa, Apolena aliinakilia noti za muziki. Tone moja la mafuta likibaki kwenye mbao, karatasi inaharibika. Kwa hiyo alikwangua kwa kisu kidogo, akafuta kwa kitambaa, akapitisha kiganja kuhakikisha, ndipo akapanga wino, kalamu za unyoya wa bata bukini na kikopo cha mchanga wa kukaushia wino.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Mwalimu Hruby, alifundisha watoto wote wa kijiji cha Lhotka kusoma, kuhesabu na kupiga ala. Ndivyo shule za Bohemia zilivyokuwa mwaka huo wa 1773: mtoto aliyemaliza bila kujua fidla wala zumari alionekana kama aliyemaliza bila kujua kusoma. Jumapili Mwalimu alipiga kinanda cha kanisani. Siku za sherehe alipanda kilimani hadi kasri, akaketi kwenye kinanda cha nyuzi katikati ya wapigaji, na kinanda hicho ndicho kilichowashikilia wote.

Kinanda cha nyuzi kilikuwa na desturi yake. Mpigaji hakuandikiwa noti zote. Aliandikiwa mstari mmoja tu wa sauti ya chini, yaani besi, na juu ya besi paliwekwa namba ndogo ndogo: sita, nne, saba. Mkono wa kushoto ulipiga besi, na wa kulia ulisoma namba na kujaza noti za juu papo hapo. Aliyezisoma bila kusita alihesabiwa kuwa fundi. Apolena alizisoma tangu ana miaka tisa. Tena alijua kanuni za kuziweka mwenyewe pale zisipoandikwa. Besi ikiwa kwenye noti hii, juu yake huja namba hii. Kanuni hizo alizijua kama sala ya kabla ya chakula.

Wiki mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, ambayo Bwana Mkubwa wa kasri aliisherehekea kwa kuwa aliitwa jina la mtakatifu huyo, lilifika furushi. Ilikuwa simfoni mpya, muziki mrefu wa ala nyingi pamoja, kutoka Vienna, iliyoazimwa kutoka kwa watawa wa monasteri ya jirani. Mwalimu aliliweka mezani kwa mikono miwili.

"Nakili kama unavyoona," alisema. "Usiongeze, usipunguze. Usichokielewa, niulize."

"Ndiyo, baba."

"Na usile karibu na karatasi za watu," mama yake, Ludmila, aliongeza kutoka jikoni. "Watawa wakikuta doa la tunda la plamu, utakwenda kuwaeleza wewe mwenyewe. Mimi simo."

Apolena alinakili karatasi ya kila mpigaji, moja baada ya nyingine: fidla ya kwanza, fidla ya pili, fidla ya kati, zumari, pembe. Siku ya tano alifika kwenye besi. Hapo akashangaa. Juu ya besi hapakuwa na namba hata moja. Aligeuza karatasi, akaangalia nyuma, akarudi mbele. Patupu.

"Huyu mwandishi wa Vienna mvivu kweli," alijisemea.

Baba yake alikuwa chumba cha pili, akiwafundisha watoto wadogo kuhesabu. Ilikuwa hatua kumi kufika mlangoni. Lakini Apolena hakunyanyuka. Kuuliza nini wakati kanuni anazijua? Alichovya kalamu, akaanza kuweka namba. Mahali pamoja, katika vipimo kumi na sita mfululizo, yaani visehemu sawa vya muziki vinavyotengwa kwa mistari ya wima, besi iligonga noti ile ile, kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Noti ni ile ile, basi kanuni ni ile ile. Akaandika namba zile zile mara kumi na sita, zikajipanga kama askari. Alipomwagia mchanga na kuupuliza, aliona karatasi yake imependeza kuliko ya Vienna.

Jioni Mwalimu aliipitia kwa macho. "Safari hii Vienna wameweka namba kwa uangalifu sana," alisema. "Safi kabisa."

Apolena alifungua mdomo. Sifa ile ilikuwa tamu. Akaufunga.

Siku tatu baadaye, mkokoteni wa watawa ulipita, ukachukua karatasi za Vienna, ukaondoka nazo. Zilizobaki Lhotka ni za Apolena tu.

* * *

Mazoezi yalifanyika mchana wa sikukuu yenyewe, katika ukumbi wa kasri. Wageni walitarajiwa saa kumi alasiri. Wapigaji walikuwa watumishi wa nyumba ile ile. Mlinzi wa msitu alipiga pembe, mtunza farasi alipiga fidla kubwa ya besi akisoma karatasi ya Mwalimu kwa nyuma yake, na Matej, mwoka mikate, alipiga zumari akiwa bado na unga nyusini. Fidla ya kati, ambayo ni kubwa kidogo kuliko fidla ya kawaida na yenye sauti nzito zaidi, ilikuwa na mpigaji mmoja tu, Prokop, mhudumu wa mezani. Mwalimu alikaa kwenye kinanda cha nyuzi. Apolena alisimama kando yake kumgeuzia kurasa.

Aliyeongoza ni Bwana Strobl, mkuu wa muziki wa kasri, ambaye aliongoza huku anapiga fidla ya kwanza. Alikuwa mtu mwembamba, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kusahau.

"Sikilizeni," alisema. "Huu si muziki wa babu zenu. Ule unatembea tu mwanzo hadi mwisho. Besi inatembea, nyinyi mnaifuata. Huu unasimama, unapumua, unabadilika. Pale besi inapogonga noti moja, tunaanza chini kabisa. Prokop anaingia peke yake juu ya besi, kisha fidla ya pili, kisha ya kwanza, kisha zumari na pembe, kila mmoja akiongeza nguvu kidogo kidogo. Mmeshaona maziwa jikoni? Unatazama, hakuna kitu. Unatazama, hakuna kitu. Mara yamefurika. Nataka hivyo."

"Mke wangu akisikia maziwa yamefurika atanipiga mwiko," Matej alisema, na watu wakacheka.

Walianza. Mambo yalikwenda vizuri hadi besi ilipoanza kugonga. Prokop akaingia, chini, taratibu, kama alivyoambiwa. Kipimo cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili, Prokop alipanda noti moja, na ukumbi mzima ukasikia kitu kibaya, noti mbili jirani zikisagana kama meno.

Bwana Strobl alisimamisha. "Tena."

Walirudia. Kipimo cha pili, meno yakasagana tena.

"Prokop!"

"Bwana, nimepiga kilichoandikwa."

"Prokop, hiyo fidla imemeza paka?" Matej aliuliza kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe mwoka mikate," Bwana Strobl alisema. "Mwalimu, una nini hapo?"

Mwalimu alitazama karatasi yake. "Namba za Vienna zenyewe, Bwana Strobl. Nafuata zilivyo."

"Basi kosa liko kwa Prokop." Bwana Strobl alishusha fidla. "Kwenye muziki wa zamani, fidla ya kati ilijificha nyuma ya besi, hata ikipotea nani atajua? Humu huna pa kujificha. Ikitokea hivi mbele ya Bwana Mkubwa, kesho unarudisha hilo koti la kasri na unakwenda kulima. Mimi sitakutetea."

Kila mtu pale alijua maana yake. Prokop alizaliwa katika familia ya wakulima waliofungwa na ardhi ya kasri, watu waliotumikia mashamba ya Bwana Mkubwa siku tatu kila wiki bila hiari, jua au mvua. Mkono wake wa fidla ndio uliomtoa huko. Sasa alilala chumba chenye jiko la moto pamoja na mkewe Johana na mtoto wao mchanga wa kiume, ambaye kifua chake kilikuwa dhaifu. Kurudi mashambani ni kurudi kwenye kibanda cha baba yake, na kibanda hicho kilivuja.

Apolena alitazama mikono ya baba yake. Mkono wa kulia ulikuwa bado juu ya zile noti, na mbele yake zile namba zilikuwa zimesimama kama askari. Hizo hazikuwa za Vienna.

"Nusu saa," Bwana Strobl alisema. "Kuleni. Prokop, wewe usile. Fanya mazoezi."

* * *

Wengine waliposhuka jikoni, na Prokop alipotoka kwenye ujia kurudia vipimo vyake kwa kichwa, Apolena alichukua karatasi ya besi na karatasi ya fidla ya kati, akaziweka sambamba dirishani. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Kila mpigaji alikuwa na karatasi yake peke yake, na hakuna mahali muziki mzima ulipoandikwa pamoja. Alihesabu vipimo kwa kidole. Besi ilibaki pale pale, inagonga tu. Lakini juu yake Prokop alipanda, akashuka, akapanda tena, na kila alipohama, sauti nzima ilitaka kuhama naye. Kwenye muziki aliofundishwa, besi ndiyo iliyoamua yote. Kwenye huu, besi ilisimama na wa juu ndio waliotembea. Kanuni zake hazikuwa na habari na kitu kama hicho.

Kwa hiyo Prokop hakukosea. Aliyekosea ni yeye, na karatasi ya Vienna iliyoweza kuthibitisha hilo ilikuwa imeshaondoka. Asiposema, hakuna atakayejua milele.

Mfukoni mwa aproni alikuwa na kile kisu kidogo cha kukwangulia. Wino huweza kukwanguliwa ukiwa na subira. Alianza na namba ya kwanza. Karatasi ikafanya manyoya, wino ukabaki kivuli. Zilibaki kumi na tano. Baba angeuliza nani amekwangua, na yeye angejibu nini? Panya?

"Mdogo wangu, hebu nisaidie."

Apolena alishtuka, akaficha kisu. Prokop alisimama mlangoni na fidla mkononi, jasho limemtoka kama aliyebeba magunia.

"Wewe ndiye uliyenakili," Prokop alisema. "Niambie nimekosea wapi. Nikipiga peke yangu naona sawa. Nikiwa na wenzangu, ndiyo hivyo."

"Kaka Prokop..."

"Nimeshaamua. Pale kipimo cha pili sitapanda. Nitabaki kwenye noti aliyoishikilia Mwalimu. Nitafanya hivyo hadi mwisho, vyote kumi na sita. Haitasagana."

"Usibadilishe!" Apolena alisema kwa haraka. "Karatasi yako iko sawa."

"Ikiwa yangu iko sawa, basi Mwalimu amekosea?" Prokop alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Yeye ndiye aliyenishikisha fidla nikiwa na miaka sita. Mwalimu hakosei, mdogo wangu. Ni mimi."

Alitoa kipande cha mkaa mfukoni, akainama kwenye karatasi yake pale dirishani, akaanza kufuta noti nzuri moja baada ya nyingine kwa misalaba myeusi. Apolena alitazama misalaba mitatu ikiingia. Alitaka kusema. Akisema, baba yake ataaibika mbele ya watu wote, maana alizitetea namba hizo mbele ya Bwana Strobl na kuziita za Vienna. Asiposema...

Milango ikafunguliwa. Wapigaji waliingia wakifuta midomo.

"Haraka, haraka!" Bwana Strobl alipiga makofi. "Magari ya wageni yameonekana barabarani."

Mwalimu aliketi, akanyoosha vidole. Apolena alirudisha karatasi ya besi mahali pake. Baba yake aliona ile namba iliyokwanguliwa, akakunja uso, akamtazama.

"Kutoka pale besi inapogonga," Bwana Strobl alisema na kuinua upinde wa fidla yake. "Prokop, hii ndiyo nafasi yako ya mwisho. Moja, mbili..."

"Namba ni zangu!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Upinde ulibaki hewani.

"Nini?" Bwana Strobl aliuliza.

"Namba za besi. Niliziweka mimi." Alishika ukingo wa kinanda. "Karatasi ya Vienna haikuwa na namba hata moja. Nilidhani wamesahau. Kaka Prokop hajakosea kitu. Karatasi yake iko sawa, mimi ndiye niliyekosea. Msimfukuze."

Wapigaji wote waligeuka kumtazama.

Mwalimu alizungumza taratibu. "Ulinisikia nilipozisifu."

"Nilikusikia, baba."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo, baba."

Bwana Strobl aliteremsha upinde wake. Uso wake ulikuwa mwekundu, na kwa muda Apolena alidhani atapasuka. Badala yake alimgeukia Prokop, akaiona misalaba ya mkaa kwenye karatasi yake. "Muda wote huu namtukana mtu asiye na kosa," alisema. "Prokop, futa hiyo misalaba. Piga kama ilivyoandikwa. Mwalimu, kwenye vipimo hivyo kumi na sita, ondoa mkono wa kulia. Besi tu."

Mwalimu hakuuondoa mkono wa kulia tu. Aliiondoa yote miwili, akaiweka mapajani.

Fidla kubwa ya besi ikaanza kugonga peke yake. Prokop akaingia. Kipimo cha pili akapanda noti ile ile iliyomletea balaa. Haikusaga chochote. Ilifungua nafasi, kama dirisha. Fidla ya pili ikaingia, kisha ya kwanza, sauti inakua, inakua, hakuna aliyeona ilikuwa kubwa tangu lini. Zumari, pembe, na mara maziwa yakafurika. Vioo vya madirisha vikanguruma. Mlinzi wa msitu alimaliza noti yake akabaki mdomo wazi.

"Mama yangu," Matej alisema polepole.

Mwalimu alikuwa bado ameketi, mikono mapajani. "Bwana Strobl," aliuliza, "na sehemu nyingine je? Zinahitaji kinanda?"

Bwana Strobl alisita. Hakuwa mtu wa kusita. "Kusema kweli, Mwalimu, huko Vienna wapo wanaoanza kukiacha. Noti za katikati, ulizokuwa unajaza wewe, sasa zinajazwa na fidla zenyewe. Mwandishi hakusahau. Sikutaka kukuambia."

Apolena alitamani sakafu immeze. Baba yake alikalia kiti hicho kwa miaka ishirini na moja.

Mwalimu aliinuka. Alifunika kinanda taratibu, akaenda hadi kabati la mwisho wa ukumbi, akatoa fidla ya kati kuukuu iliyokuwa na vumbi mabegani. Akaipuliza, akakaza nyuzi, akaburuta kiti hadi alipokaa Prokop.

"Sogea kidogo," alisema. "Tusome karatasi moja. Na unisamehe, Prokop. Nilisikia inasaga, nikaamini karatasi kuliko mkono niliofundisha mwenyewe."

"Mwalimu, mimi siwezi kukaa na..."

"Sogea, bwana, wageni wanashuka."

* * *

Saa kumi na nusu, maziwa yalipoanza kuchemka, Bwana Mkubwa alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Kikombe hakikufika. Alikishikilia hewani hadi pembe za mwisho, kisha akakiweka chini na kuomba sehemu ile irudiwe. Prokop alipiga akiwa na koti lake la kasri, na halikuvuliwa kesho yake wala mwaka uliofuata.

Nyumbani, jua likiwa bado juu ya miti ya plamu, mama yake Apolena aliisikiliza habari yote bila kuacha kukanda unga wa mikate.

"Kwa hiyo hatua kumi zilikushinda," alisema. "Hatua kumi hadi mlangoni kwa baba yako. Na mtu alikuwa karibu kwenda kulima matope kwa sababu ya hatua kumi." Alitupa donge la unga kwenye bakuli. "Lakini ulisema. Haya. Nawa mikono, kula, kisha nataka kuiona ile besi imeandikwa upya."

Apolena alikula, macho kwenye sahani. "Baba, nimekukosesha kiti chako."

"Kiti kingeondoka tu," Mwalimu alisema. "Muziki umebadilika, na mimi nitajifunza. Tena nisikilize vizuri, maana sitarudia. Kukosea namba si aibu. Karatasi ile ingefika kwangu tupu, huenda hata mimi ningeweka zile zile. Ulichokijua jana kinaweza kisitoshe leo, ndiyo maana tunauliza. Lakini kosa lenyewe kubwa lilianza jioni ile nilipokusifu ukanyamaza. Kosa ukilisema siku ile ile, ni lako peke yako. Ukilificha, linakwenda kumwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiye na wa kumtetea."

"Ndiyo, baba."

Vyombo vilipoondolewa, Apolena alikwangua meza, akafuta, akapitisha kiganja. Alinakili besi yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye vipimo kumi na sita, aliandika noti ile ile ikigonga, ikigonga, na juu yake akaacha karatasi ibaki nyeupe. Kisha akanyanyuka, akatembea hatua kumi hadi mlangoni, akamwonyesha baba yake kabla wino haujakauka.